Mama asiyejua Kifaransa anajua hesabu

JUMAMOSI moja ya mwaka 2011, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo kubwa, mama mmoja alibisha hodi kwangu hapa Buyenzi. Kichwani alikuwa na beseni la ndagala, mkononi amemshika mwanawe wa kiume wa miaka kumi. Alikuwa njiani kwenda soko kuu la Bujumbura, lile lililokuja kuteketea kwa moto Januari 27, 2013. Hakutaka kukaa. Alitua beseni, akachomoa daftari lililokunjwa ndani ya kitenge, akanipa.

“Mwalimu, naomba uniangalizie huyu mtoto,” alisema. “Tanzania alikuwa anafanya vizuri. Tangu turudi, hesabu zimemshinda. Shuleni wameniambia arudie mwaka. Na mimi sina la kumsaidia, Kifaransa sikijui.”

Nilifungua daftari. Ukurasa wa kwanza niliouona ulikuwa na swali la gunia dogo la unga lenye uzito wa kilo 2,500, kilo moja ikiuzwa faranga 800. Mtoto aliulizwa bei ya gunia zima. Alikuwa ameandika faranga milioni mbili, na mwalimu wake amepitisha kalamu nyekundu toka kona hadi kona.

Nilimwuliza kijana: “Gunia moja la unga, milioni mbili?”

Akanijibu bila woga: “Mwalimu, kilo elfu mbili na mia tano si gunia. Hilo ni lori.”

Ndugu msomaji, mtoto yule hakuwa amekosea hesabu. Alikuwa amekosea alama. Alikotoka, mkato hutenganisha maelfu, hivyo 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Huku kwetu tunaandika kwa mtindo wa Wafaransa na Wabelgiji, mkato hutenganisha kizima na vipande vyake, hivyo 2,500 ni mbili na nusu. Jibu lililotakiwa lilikuwa faranga 2,000. Mtoto alizidisha vizuri kabisa, tena akashtuka mwenyewe kuona gunia limekuwa lori. Hakuna aliyemwuliza.

Nilitaka kuhakikisha. Nikamwambia, “Fungu la ndagala ni faranga 200. Nimenunua mafungu saba, nimekupa noti ya 2,000. Unanirudishia ngapi?” Kabla sijafunga mdomo akasema, “Mia sita.” Mama yake akacheka. “Hayo anayafanya kila siku,” akasema, kana kwamba hayo si hesabu.

Nimesimulia kisa hiki kwa sababu kila mwaka nakutana na mama wa namna ile, wa sokoni au wa mpakani, anayebadilisha faranga, shilingi na dola kichwani bila kukosea hata senti, kisha anasema mbele ya mtoto wake kwamba yeye hesabu hajui.

Punje za mahindi za baba

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa mtaala wa Tanzania. Mwaka 2007, serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa zilipotafuta suluhisho la kudumu kwa makazi ya zamani ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kila familia iliulizwa: kubaki au kurudi? Walio wengi waliomba uraia wa Tanzania, na zaidi ya watu 160,000 wakaupata. Sisi tulichagua kurudi. Nilifika Bujumbura mwaka 2009, mwalimu mwenye cheti, lakini mgeni katika nchi ya wazazi wangu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Hakujua kusoma wala kuandika. Siku ya kupima mzigo alikwenda na kibuyu chenye punje za mahindi. Kwa kila kilo kumi zilizosomwa kwenye mizani, alihamisha punje moja toka kibuyuni hadi mfukoni. Jioni alizimwaga mkekani, akatuita sisi watoto tuzipange kumi kumi. Safu moja ya punje kumi ilikuwa kilo mia. Nikiwa na miaka sita nilijua, kwa vidole vyangu, jambo ambalo baadaye nimeona watoto wa darasa la tatu wakihangaika nalo: kwamba kumi za kumi ni mia, na kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kumi.

Sikujua wakati ule kwamba baba alikuwa ananifundisha. Nadhani na yeye hakujua.

Nakiri pia kosa langu. Tuliporudi, binti yangu wa kwanza alianza shule hapa mjini, na kila jioni alikuwa akisoma 1 kama 7. Nikamkaripia. Siku moja nikamwambia, “Wewe hesabu huna.” Ilinichukua wiki nzima kugundua kuwa huku 1 huandikwa na mkia mrefu unaopanda toka kushoto, na 7 hukatwa kwa mstari katikati. Kwa macho ya mtoto aliyezoea maandishi ya Tanzania, 1 ya huku ni 7 kabisa. Neno nililomwambia alilikumbuka kwa miaka mingi, hata pale alipokuwa akishika nafasi za juu darasani.

Tusidharau lugha ya nyumbani

Wazazi wengi waliorudi hudhani kwamba ili mtoto ajue hesabu, lazima kwanza ajue Kifaransa. Wengine huanza kumhesabia mtoto wa miaka minne “un, deux, trois” wakiamini ndiyo njia ya mkato. Hebu tuangalie lugha tulizo nazo.

Chukua namba 34. Kwa Kirundi ni mirongo itatu na kane, yaani makumi matatu na nne. Ishirini ni mirongo ibiri, hamsini ni mirongo itanu, tisini ni mirongo icenda. Mtoto akijua kuhesabu hadi kumi, lugha yenyewe inamweleza namba imejengwa vipi: makumi mangapi, na mamoja mangapi. Hakuna la kukariri zaidi.

Kiswahili kinatusaidia vizuri kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini tumezipokea toka Kiarabu, na mtoto hawezi kuona mbili ndani ya ishirini wala tano ndani ya hamsini. Hata sita, saba na tisa zina asili hiyo hiyo. Wazee wa pwani zamani walisema tandatu, fungate na kenda. Fungate limebaki kwenye siku saba za maharusi, na kenda ni ndugu wa icenda ya Kirundi. Tandatu nayo tunayo hadi leo katika gatandatu, na ukiisikiliza vizuri unasikia tatu na tatu ndani yake.

Kifaransa kina ugumu wake. Kumi na moja ni onze, kumi na mbili ni douze, maneno ambayo hayamwonyeshi mtoto wala kumi wala moja. Na themanini ni quatre-vingts, yaani ishirini nne. Ni lugha nzuri na mtoto atahitaji kuijua, kwa kuwa kuanzia darasa la tano ndiyo lugha ya kufundishia. Lakini kwa mtoto anayeanza, Kirundi kinafungua mlango mpana zaidi.

Haya si maneno ya kujifariji. Mwaka 2014, mpango wa kupima elimu unaojulikana kama PASEC ulipima wanafunzi wa shule za msingi katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katika madarasa ya mwanzo, watoto wa Burundi walifanya vizuri sana katika hesabu, zaidi ya 9 kati ya 10 wakifikia kiwango kilichotakiwa, wakati katika nchi nyingi nyingine hali ilikuwa mbaya. Watoto wetu katika miaka ile ya mwanzo hufundishwa kwa Kirundi, lugha wanayoongea na mama zao.

Kwa hiyo mzazi, mhesabie mtoto kwa lugha unayoota nayo. Ukisema 34, sema kwanza “thelathini na nne”, kisha “makumi matatu na nne”, kisha “mirongo itatu na kane”. Kifaransa atakiweka juu ya msingi huo.

Robo saa kwa siku

Mtoto wa miaka minne hadi minane hahitaji kukalishwa mezani masaa mawili. Robo saa inatosha, tena ndani ya kazi za kila siku.

Kwanza, mhesabishe vitu. Kuna watoto wanaoimba moja hadi ishirini kama wimbo, lakini ukiwawekea maharage manane wanahesabu kumi na moja, kwa sababu mdomo unakimbia kuliko kidole. Unapochambua maharage ya jioni, mpe konzi moja. Ahamishe moja moja, akitaja namba moja kwa kila punje. Akimaliza muulize, “Ni ngapi zote?” Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, bado hajaelewa kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Usimgombeze. Rudieni kesho kwa punje chache zaidi.

Pili, apange kumi kumi. Vifuniko vya soda vinafaa, punje za mahindi zinafaa, vijiti vinafaa. Vijiti kumi vifungwe kwa uzi viwe mzigo mmoja. Namba 34 ni mizigo mitatu na vijiti vinne. Ukitaka aondoe 8 katika 34, ataona mwenyewe kwamba vijiti vinne havitoshi, lazima afungue mzigo mmoja. Kile ambacho shuleni kinaitwa “kukopa”, na ambacho watoto wengi hukariri bila kukielewa, atakuwa amekifanya kwa mikono yake.

Tatu, akadirie kabla ya kuhesabu. “Unadhani beseni hili litatoa mafungu mangapi?” Aseme, kisha mhesabu pamoja. Mtoto aliyezoea kukadiria hushtuka akiona gunia la unga la milioni mbili. Na mtoto anayeshtuka anajisahihisha.

Nne, agawe. Maandazi sita kwa watoto wanne: kila mmoja anapata ngapi? Mwache ahangaike. Atagawa moja moja, yatabaki mawili, na hapo ndipo nusu itakapozaliwa, tena kwa mtoto ambaye hajawahi kuliona neno hilo ubaoni.

Tano, mfundishe chenji kama unavyoifanya wewe. Mteja amenunua vitu vya faranga 1,400, ametoa 2,000. Wewe huandiki na kutoa. Unapanda: toka 1,400 hadi 1,500 ni mia, toka 1,500 hadi 2,000 ni mia tano, jumla mia sita. Hiyo ni njia sahihi. Mweleze mtoto kwa sauti, hatua kwa hatua.

Sita, mcheze. Bao, ambalo Warundi wanaliita ikibuguzo, ni mchezo wa kuhesabu mbele ya mkono: mtoto lazima ajue kete zake zitaishia shimo gani kabla hajazishika. Kama hakuna ubao, mashimo ya ardhini yanatosha. Babu aliyekaa kibarazani bila kazi ni mwalimu mzuri wa somo hili.

Sokoni peke yake hakutoshi

Hapa nina neno kwa wazazi wafanyabiashara. Baadhi huniambia, “Mwalimu, wangu anajua hesabu, anauza na mimi.” Ni kweli anajua, lakini tusiishie hapo.

Mwaka 1985, watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti walioufanya Recife, nchini Brazil. Waliwaendea watoto watano waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine mitaani, wakawauliza bei na chenji kama wateja. Watoto walijibu sawasawa maswali 98 kati ya kila 100. Baadaye wakawapa namba zile zile kwenye karatasi, kama hesabu za shule. Safari hii walipata kama 37 tu kati ya kila 100. Ni watoto wale wale, wenye akili ile ile. Kilichokosekana ni daraja kati ya mdomo na karatasi.

Daraja hilo mzazi anaweza kulijenga kwa daftari la faranga chache. Jioni, mkishahesabu mauzo, mtoto aandike: tumeuza mafungu mangapi, kwa bei gani, tumepata kiasi gani, tumetumia ngapi kwa usafiri, imebaki ngapi. Mama asiyejua kuandika asimulie, mtoto aandike. Kisha amsomee. Nimeona mama mmoja muuza vitenge akigundua kwa njia hiyo kwamba safari zake za Uvira za siku moja moja zilikuwa zinamlia faida yote kwa nauli. Mwalimu wake alikuwa binti wa darasa la tatu.

Lakini kazi hiyo ni ya jioni na ya likizo. Mtoto anayeuza saa za masomo anajua bei ya leo, ila anakosa hesabu za kumsaidia miaka 20 ijayo.

Alama za huku na za kule

Kwa familia zinazorudi, na kwa zile zenye watoto wanaosoma upande mmoja wa mpaka na kuishi upande mwingine, ningeomba mzazi akae na mtoto siku moja tu na kumwonyesha mambo manne. Hayahitaji Kifaransa.

La kwanza ni nukta na mkato. Chukua risiti ya duka la Kigoma na ya duka la Bujumbura, ziweke pamoja. Kule milioni moja na nusu huandikwa 1,500,000. Huku utaikuta 1.500.000, au 1 500 000 yenye nafasi katikati. Kule nusu ni 0.5, huku ni 0,5. Wafanyabiashara wa Kobero na Manyovu wanalijua hili, maana ankara iliyosomwa vibaya ni hasara. Mtoto naye anastahili kulijua.

La pili ni umbo la 1 na 7, ambalo nimekwisha lisimulia.

La tatu ni kugawanya. Tanzania, namba inayogawanya hukaa kushoto na jibu huandikwa juu. Burundi, namba inayogawanywa hukaa kushoto, ile inayogawanya huwekwa kulia kwa mstari wa wima, na jibu hukaa chini yake. Hatua ni zile zile, nyumba tu ndiyo imegeuzwa mlango. Mtoto asipoambiwa hivyo atadhani anajifunza kitu kipya kabisa, na atadhani alichojua kimepotea.

La nne ni saa. Kirundi na Kiswahili vinakubaliana: jua likichomoza tunaanza kuhesabu, saa moja, saa mbili. Kifaransa cha shule kinasema saa moja ya asubuhi ni sept heures. Mfundishe mtoto kuongeza sita asubuhi: moja na sita ni saba, mbili na sita ni nane. Ni zoezi zuri la kujumlisha, tena la bure, linalojirudia kila siku. Na ukivuka kwenda Tanzania, saa ya kule iko mbele kwa saa moja. Muulize mtoto: “Ofisi ya kule ikifunguliwa saa mbili, kwetu ni saa ngapi?” Akijibu saa moja, mpe mkono.

Maneno yanayovunja

Mtoto mdogo anaamini anachosema mama yake kuliko anachosema mwalimu. Mama akisema “hata mimi hesabu zilinishinda”, mtoto anapata ruhusa ya kushindwa. Baba akichapa kwa sababu ya jibu lisilo sahihi, mtoto anajifunza kuficha daftari.

Badala ya kumwambia “umekosea”, mwulize, “Umefikaje hapo?” Swali hilo ndilo lililokosekana kwa yule kijana wa gunia la unga. Lingeulizwa siku ile darasani, lori lingeonekana mapema. Na mzazi usiogope kwenda shuleni. Mweleze mwalimu kwamba mtoto alisomea nchi nyingine, na kwamba alama za kule ni tofauti. Walimu wana watoto wengi darasani, wengine hawajawahi kuona daftari la Tanzania. Mpelekee la mwanao alione.

Yule kijana nilikaa naye likizo yote ya mwaka ule, mimi na binti yangu na punje za mahindi mkekani, kama baba alivyofanya. Mama yake alikuja mara moja moja jioni, akakaa nasi, na siku moja akamweleza mwanawe kwa Kirundi jinsi anavyogawa beseni katika mafungu bila kubakiza. Alieleza vizuri kuliko mimi.

Hata hivyo, kijana alirudia mwaka. Uamuzi ulikuwa umekwisha kuandikwa. Akapoteza mwaka mzima wa maisha yake kwa sababu ya mkato mmoja, na miaka mingapi imepotea hivyo kwa watoto waliorudi, Mungu ndiye ajuaye. Baada ya hapo hakurudia tena. Siku hizi ni mtu mzima, anafanya biashara ya vipuri vya pikipiki, na nikikutana naye hunitania kwa kuniuliza bei ya gunia.

Mama yake bado anauza ndagala. Mwaka jana nilimkuta amempakata mjukuu wa miaka mitano, mbele yao mafungu yamepangwa kumi kumi. Nilimsikia akimwambia mtoto, “Hesabu taratibu, kidole na mdomo viende pamoja.” Nikanunua mafungu mawili, nikatoa noti ya 5,000, na chenji akanirudishia mtoto.